Gari Lililotumika: Namna ya Kutambua Matengenezo ya Zamani ya Injini na Gia Boksi

Karibu kila anayeuza gari lililotumika husema kwamba injini yake haijafunguliwa, na wanunuzi wengi huridhika na kauli hiyo mara boneti inapoinuliwa na kila kilicho chini yake kikaonekana kinang'aa. Kauli hiyo haithibitishi kitu, na mng'ao wenyewe unaweza kuwa sababu ya kwanza ya kutia shaka. IST, Premio, Noah au Probox iliyotengenezwa kabla ya 2008 kwa kawaida imekwisha kupita mikononi mwa mafundi zaidi ya mara moja, iwe ilipokuwa Japani au baada ya kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya uko pale ambapo kitu kiliharibika, fundi akaagizwa anyamazishe dalili na chanzo akiache, kisha gari likapelekwa yadi kutafutiwa mnunuzi. Kwa hiyo, kwa kila alama utakayoiona, jiulize ni ugonjwa gani uliolipeleka gari gereji, na kama ugonjwa huo ungalimo.

Karatasi ya mnada ya Japani husaidia katika jambo hili kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Daraja la R au RA humaanisha kwamba gari lilikwisha kutengenezwa katika fremu au katika sehemu za bodi zinazobeba uzito, kwa kawaida baada ya ajali. Injini na gia boksi haziingii katika hesabu hiyo, na gari lililobadilishiwa injini nzima linaweza kupata daraja zuri la 4 bila udanganyifu wowote kufanyika. Mkaguzi wa mnada anaweza kuandika pembeni kwamba oili inavuja au kwamba injini ina sauti, na kwa sababu hiyo inafaa kumtafuta mtu atafsiri pia maandishi ya mkono, asiishie kwenye namba ya daraja. Hata hivyo, karatasi hiyo inaeleza hali ya gari siku ya mnada, na haina habari ya miaka mitano iliyofuata ambayo gari limepanda na kushuka mlima Kitonga.

Kabla ya kuwasha

Mwombe muuzaji kwa simu asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti, kisha uguse mpira wa juu wa rejeta kwa uangalifu. Ukiukuta una joto ilhali uliomba gari lisiwashwe, subiri lipoe kabisa au panga kurudi siku nyingine, kwa maana dalili nyingi zinazofichwa huonekana katika dakika ya kwanza ya injini baridi tu: cheni inayogonga, moshi wa buluu unaotoka mara moja na kupotea, gia inayochelewa kushika. Chukua tochi, kitambaa cheupe, kipande cha boksi la karatasi na kioo kidogo cha mkononi. Simu yako pia itafaa, kwa kuwa kamera yake inafika nyuma ya injini mahali ambapo kichwa cha mtu hakipiti.

Dalili: injini inang'aa kuliko gari lenyewe

Yadi nyingi huosha injini za magari yote kwa desturi, kwa hiyo usafi peke yake usiuhesabu kuwa ushahidi. Unachotafuta ni usafi usiolingana. Ikiwa upande mmoja wa injini ni msafi na mwingine una vumbi la zamani, mtu alikuwa na kazi upande ule. Ikiwa mwili wote wa injini umepuliziwa dawa ya kung'arisha mpaka mipira inateleza, huenda kuna mahali oili ilikuwa ikichuruzika. Mulika tochi chini ya manifoldi, nyuma ya injini upande wa ukuta wa kabini, na pale injini inapoungana na gia boksi, kwa sababu muosha magari hafiki huko kwa urahisi. Tope la oili na vumbi lililoganda humo linaonyesha uvujaji wa muda mrefu.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi. Endesha gari kilomita 20 hadi 30, uegeshe mahali tambarare, utandike boksi chini ya injini na usubiri robo saa. Uvujaji uliofichwa kwa kuoshwa hurudi baada ya injini kupata joto na shinikizo, ingawa ule wa polepole sana utahitaji usiku mzima.

Dalili: bolti zenye makovu na gundi iliyofurika

Hapa ndipo penye maelezo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, na ni pa kutumia muda. Kiwandani bolti hukazwa kwa mashine na pembe zake sita hubaki kali. Spana iliyochakaa huzilainisha pembe hizo, na hata soketi nzuri huacha mkwaruzo unaong'aa kisha ukashika kutu ya rangi tofauti na ya jirani zake. Baadhi ya bolti hupigwa kiwandani doa la rangi linalovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilichokazwa. Nusu mbili za doa hilo zikiwa hazielekeani, bolti hiyo imezungushwa. Angalia pia kama bolti zote za mstari mmoja zinafanana, kwani bolti ya kuazima yenye kichwa cha saizi nyingine inaonyesha kwamba aliyefunga alipoteza ya asili au alikata uzi wake.

Kuhusu gundi ya gasketi, watu wengi hukosea. Toyota yenyewe hutumia gundi kwenye kifuniko cha cheni ya taiming na kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) ya injini zake nyingi, kwa hiyo kuona gundi hakumaanishi kwamba injini imefunguliwa. Gundi ya kiwandani huwa mstari mwembamba ulio sawa, kwa kawaida wa kijivu au mweusi. Gundi ya gereji hufurika nje, ina alama za kidole, na mara nyingi ni nyekundu, ya buluu au isiyo na rangi. Iliyofurika nje imefurika na ndani vilevile. Vipande vyake hukatika, huanguka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyofungwa kwa gundi nyingi hubeba hatari hiyo mpya hata kama tatizo la awali lilitibiwa vizuri.

Baada ya kutambua bolti zilizoguswa, zitazame kwa pamoja. Makovu yakiwa kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) peke yake, huenda fundi alibadilisha gasketi ya mpira iliyokuwa ikivujisha oili kwenye matundu ya plagi, nayo ni kazi ya kawaida isiyohitaji mjadala. Tapeti kava ikiguswa pamoja na bolti za manifoldi ya ekzosi, bolti za manifoldi ya hewa na klipu za mipira ya maji, basi silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ilishushwa. Bolti za ngao ya joto juu ya ekzosi hustahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kwenye gari lenye umri huwa zimeshika kutu ya rangi ya kahawa na hakuna anayezigusa bila shida kubwa. Ukikuta ni mpya, au moja haipo, kuna mtu alipita hapo akielekea kwenye hedi. Sampu na kifuniko cha cheni vikiwa vimefunguliwa pamoja, sababu inaweza kuwa cheni, pampu ya oili au beringi za krenki (shafti kuu ya injini). Mambo haya matatu hayafanani hata kidogo kwa uzito, na muuzaji anapaswa kukueleza ni lipi.

Mwulize baada ya kumwonyesha bolti yenyewe, usimwulize kabla. Mtu aliyefanya kazi nzuri kwa kawaida anayo risiti ya vipuri, na kama hedi ilishushwa kwa ajili ya joto, anayo pia kumbukumbu ya kuipeleka karakana ya mashine ikapimwa unyoofu na kusawazishwa uso. Hedi ya aluminiamu iliyopinda kwa joto, ikarudishwa na gasketi mpya bila kusawazishwa, itavujisha tena, na gasketi hiyo mpya itakuwa imemsaidia muuzaji kufikisha gari sokoni tu.

Dalili: mfumo wa kupoza una vitu vipya, au una vitu vilivyopungua

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kukagua Premio moja Dar es Salaam. Rangi ilikuwa ya asili, viti safi, na mshale wa joto ulikaa chini kabisa muda wote tuliozunguka nalo mjini, jambo ambalo dalali alilitaja kama sifa. Mshale huo ndio ulionitia wasiwasi, kwa sababu mshale wa injini isiyo na hitilafu hupanda hadi karibu na katikati ya kipimo na kutulia hapo. Tulipoliacha likapoa na kuanza upya, mpira wa juu wa rejeta ulianza kupata uvuguvugu ndani ya dakika ya kwanza na ukaendelea kupanda polepole pamoja na injini, na feni ilizunguka tangu ufunguo ulipofunguliwa. Themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ilikuwa imetolewa na feni imefungwa moja kwa moja kwenye umeme. Tulifungua kofia ya rejeta gari likiwa baridi, tukawasha, na viputo vikapanda mfululizo bila kukoma. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha, na mtu alitumia fedha kidogo kuhakikisha kwamba mnunuzi hataligundua hilo katika mzunguko wa dakika ishirini.

Utetezi unaotolewa ni kwamba huku kwetu ni joto na themostati haihitajiki. Utetezi huo hauna msingi. Themostati ya gari la kawaida hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kiwango ambacho hewa ya Dar es Salaam wala ya Mombasa haikaribii, na kazi yake ni kuhakikisha injini inafika joto lake la kufanyia kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, injini hukimbia baridi barabarani, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Kuna injini ambazo themostati yake, ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Kwa injini hizo, kuondoa themostati huacha njia hiyo wazi, na gari huzidi kuchemka linapopanda mlima likiwa na mzigo.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kwa kila gari. Washa injini ikiwa baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafla. Ukipata joto taratibu tangu mwanzo, huenda themostati haipo au imekwama wazi. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari. Taa ya buluu inayochukua muda mrefu kuzimika, au inayorudi kuwaka gari likiwa kwenye mteremko wa barabara kuu, inaeleza jambo lilelile. Kisha tazama nyaya za feni. Ukiona waya wa rangi nyingine, utepe mweusi wa umeme au swichi ngeni chini ya dashibodi, fahamu kwamba feni haiongozwi tena na kompyuta ya gari.

Endelea na vitu vidogo. Klipu za kiwandani kwenye mipira ya maji ni za springi, na pale zilipobadilishwa na za kukaza kwa bisibisi, mpira ulifunguliwa. Wakati mwingine klipu ya asili imerudishwa, ila alama yake ya zamani kwenye mpira inaonekana pembeni ya mahali ilipo sasa. Rejeta mpya peke yake inaweza kuwa matokeo ya jiwe au ya uchakavu wa plastiki, lakini rejeta mpya, mipira mipya na kofia mpya kwa pamoja vinaonyesha kwamba gari lilichemka au liligongwa mbele. Kulanti (maji ya kupozea injini) safi ndani ya chupa yenye ukoko wa kahawia imetiwa juzi, kwa maana chupa hukumbuka maji ya bomba na kutu yaliyotangulia. Kofia huandikwa shinikizo lake, 0.9 au 1.1, na inapaswa kulingana na ya gari husika, kwa kuwa shinikizo hilo ndilo linalosogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kwa sababu hiyohiyo usiifungue kamwe injini ikiwa na moto.

Viputo mfululizo baada ya kuwasha, au mpira wa rejeta unaokuwa mgumu kama ubao ndani ya dakika chache kabla injini haijapata joto, huonyesha kwamba gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Viputo vichache vinavyokoma ni hewa iliyobaki baada ya kujaza maji. Gereji yenye kifaa cha kupima kwa kemikali itakupa jibu la uhakika zaidi: dawa ya buluu hugeuka njano inapokutana na gesi hiyo.

Injini mbili zinahitaji maelezo ya ziada. Ya kwanza ni 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Harrier, Ipsum, Alphard na RAV4 nyingi za miaka ya 2000. Nyuzi za bolti za hedi upande wa nyuma wa bloku yake hulegea, na maji huvuja mahali ambapo jicho halifiki, kati ya injini na ukuta wa kabini. Ingiza kamera ya simu hapo na utafute ukoko wa waridi au mweupe. Tiba sahihi ni kutoboa matundu hayo na kuingiza nyuzi mpya za chuma. Kukaza tena bolti zilezile, au kubadilisha gasketi peke yake, hakufui dafu. Ya pili ni injini bapa ya Subaru ya lita 2.5 isiyo na taibo, ambayo gasketi zake za hedi hupenda kuvuja upande wa chini. Mafundi wengi huishusha injini nzima ili kuzibadilisha vizuri, kwa hiyo kukuta mauntingi (vishikio vya injini) za Forester ya aina hiyo zimeguswa kunaweza kuwa habari njema, mradi risiti ipo.

Dalili: moshi, na oili nzito kuliko inavyotakiwa

Simama nyuma ya gari wakati mtu mwingine analiwasha. Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache kisha ukapotea hutokana zaidi na sili za valvu. Ule unaoendelea, hasa unapokanyaga mafuta, hutokana na ringi za pistoni. Mvuke mweupe asubuhi ya Mbeya au Limuru ni wa kawaida na hupotea injini ikipata joto. Usipopotea, na ukawa na harufu ya utamu, maji yanaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na kwa kawaida una tiba nyepesi kuliko hiyo mingine.

Dawa ya kienyeji ya injini inayokula oili au inayogonga ni kuweka oili nzito. Injini iliyoandikiwa 5W-30 hupewa 20W-50, moshi hupungua na kugonga hufifia kwa majuma machache. Soma kofia ya oili, ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa uzito unaotakiwa, kisha soma kadi ya huduma inayoning'inizwa ndani ya boneti baada ya kubadilisha oili, na uweke tone kwenye kitambaa cheupe. Oili mpya kabisa kwenye gari linalouzwa inaweza kuwa uungwana wa mwenye gari au njama, na utaweza kutofautisha kwa masikio. Injini ikiwa na moto, pandisha mizunguko hadi 2,500 kisha uachie. Mlio mzito wa kugonga kwa haraka unaosikika wakati mizunguko inashuka ni wa beringi za krenki, na hakuna punguzo la bei linalotosha kuufidia. Utando mweupe kama maziwa chini ya kofia ya oili unaweza kuwa unyevu tu kwa gari la safari fupi katika sehemu za baridi. Ukionekana pia kwenye kijiti cha kupimia, ni maji ndani ya oili.

Dalili: taa za dashibodi zinakaa kimya mno

Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya betri na ya mifuko ya hewa zote zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika kila moja kwa wakati wake. Taa ya injini isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa, na ile inayozimika sambamba na taa ya oili katika nukta ileile huenda imeunganishwa nayo kwa waya ili idanganye jicho.

Mashine ya kusoma makosa itaonyesha pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa mengi hayajakamilika na gari halijatolewa betri hivi karibuni, mtu amefuta makosa muda si mrefu. Fahamu tu kwamba magari mengi ya soko la ndani la Japani ya kabla ya 2008 hayasomeki kwa vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu, kwa hiyo kifaa kikishindwa kuunganika usimlaumu muuzaji. Kwenye ekzosi, angalia kama masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi, yangalipo. Bomba lililochomelewa mahali pake linaonyesha kwamba yalitolewa, labda yaliziba kwa sababu ya injini inayokula oili, au yaliuzwa kwa ajili ya madini yake.

Dalili: injini si ya gari hilo

Injini nyingi ndogo za aluminiamu, 1NZ-FE ikiwemo, zina silivu nyembamba zisizofaa kupanuliwa. Zikichoka, watu huona nafuu kununua injini ya mtumba mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Ni suluhisho halali na mara nyingi ni zuri. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku, kwa kawaida karibu na maungio ya gia boksi, na namba ya injini iliyo kwenye kadi ya usajili. Zisipolingana, mwenye gari anapaswa kwanza kuonyesha risiti ya injini aliyofunga na kurekebisha taarifa TRA, au NTSA kwa aliyeko Kenya. Namba iliyosagwa kwa tupa ni jambo la polisi na halihusiani tena na ufundi.

Ishara za pembeni ni mauntingi mpya kwenye bolti kuukuu, vishikizo vya plastiki vya soketi za koili na nozeli vilivyovunjika, na waya zilizorefushwa kwa sababu injini mpya ilikuja na soketi zisizofanana.

Nitaongeza jambo moja lisilo la injini mpya lakini linalopatikana mahali hapohapo. Injini za zamani za mkanda, kama 5A na 7A za Toyota, hubadilishiwa mkanda wa taiming kila kilomita 100,000, na gereji za Japani hubandika kibandiko chenye tarehe na kilomita. Ukikuta kibandiko cha kilomita 101,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake inasoma 74,000, umejua yaliyofanywa kwa dashibodi.

Dalili: gia boksi inachelewa, inatetemeka au ina oili mpya sana

Gia boksi haishuki bila kuacha alama, kwa kuwa kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lazima shafti za magurudumu hayo zichomolewe. Nati kubwa katikati ya gurudumu hufungiwa kiwandani kwa pini au kwa ukingo uliogongwa ndani ya mfereji. Ukingo uliogongwa mara mbili, au pini mpya, unaonyesha kwamba shafti ilitoka, ingawa kubadilisha beringi ya gurudumu huacha alama hiyohiyo. Bolti zinazounganisha gia boksi na injini zitaamua.

Gari likiwa baridi, kanyaga breki na uhamishe kutoka D kwenda R mara kadhaa. Gia inapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Kuchelewa kwenye baridi kunakopungua gari likipata joto kunaashiria sili ngumu au oili pungufu. Kutetemeka kwa gari la CVT (gia otomatiki inayotumia mkanda) linapoondoka taratibu kwenye mlima kunaashiria mkanda wake wa chuma au oili isiyo yake, na hili la pili ndilo linaloua gia boksi nyingi kwetu: oili ya gia otomatiki ya kawaida kumiminwa kwenye CVT inayotaka oili yake maalumu, kama NS-2 ya Nissan. Mwulize mwenye gari ni oili gani iliyowekwa. Akijibu kwamba fundi ndiye anayejua, chukulia kwamba haijulikani, na uhesabu gharama ya kuibadilisha kabla ya kutaja bei. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha klachi zilizochoka, na kuibadilisha kwa wakati huo hakuzirudishii uzima.

Miguu ya gari

Katika mwongozo wa aina hii sehemu hii haihitaji maelezo marefu, kwa sababu shokapu, bushi na bol jointi ni vya kubadilishwa kwa barabara zetu, na kuvikuta vipya ni faida ya mnunuzi. Tafuta mambo mawili tu: mahali palipochomelewa kwenye mkono wa gurudumu au kwenye kitanda kinachobeba injini, na tairi lililolika upande mmoja ilhali sehemu zote zinaonekana mpya. La pili linaonyesha kwamba vipuri vilibadilishwa lakini kilichopinda hakikuguswa.

Ukimaliza majaribio ya barabarani, zima injini ikiwa na moto wake wote, subiri dakika kumi, kisha uiwashe tena na usikilize kama inachelewa kushika. Rudia kuangalia kiwango cha maji kwenye chupa, mpira wa rejeta, na lile boksi chini ya injini. Muuzaji anayekataa gari lisipandishwe kwenye shimo la gereji unayoichagua wewe, hata ukiahidi kulipia mwenyewe, amekwisha kujibu maswali mengi yaliyo hapo juu. Usimpe arubuni.